Tani Arobaini za Bi Agatha
Kila siku saa kumi na dakika kumi jioni, boriti ya tatu ya daraja la Ternfield, jimbo la Manitoba nchini Kanada, ilipinda kana kwamba imekanyagwa na lori la ngano la tani arobaini. Kamera ilionyesha bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani na bakuli tupu mkononi.

Mhandisi wa daraja, Lesia Hrynchuk, hakuwa mtu wa kubishana na vipimo. Kwenye boriti kulilazwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Boriti ikivutika, uzi nao huvutika, mwanga hubadilika, na kompyuta husema uzito. Baridi huweza kuudanganya uzi, kwa hiyo Lesia akaiondoa baridi kwenye hesabu. Zikabaki tani arobaini zilezile. Akavaa koti, akaenda kumsubiri.

Alikuwa Agatha Wiebe, miaka sabini na tisa. Mumewe, Abram, aliwekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Agatha mwenyewe walimkataa kwa kuwa bado ana afya. Kila mchana alimpelekea vareniki, vibunda vya unga vya kuchemsha vyenye jibini ndani, vikiwa bado vya moto. Wakati wa kwenda, boriti haikumhisi kabisa.

"Mama, ukirudi unakuwa na tani arobaini," Lesia alimwambia.

"Kumbe! Nami nasingizia magoti."

"Boriti haimalizi mwaka. Itabidi tufunge daraja."

"Ukifunga, Abram atakula nini? Wale wanampa supu ya kopo, mwanangu. Ya kopo!"

Lesia alimpenda papo hapo. Aliiandikia idara ya barabara na nyumba ya wazee ripoti ya kurasa tisa, akashauri mke na mume wapewe chumba kimoja, boriti ipumue. Na kwa kuwa siku ya kuhitimu, alipovishwa pete ya chuma wanayovaa wahandisi wa Kanada, aliahidi kutoficha lolote, akaongeza kwamba Bi Wiebe hutembea kilomita mbili bila mkongojo.

Nyumba ya wazee ilijibu upesi, kwa shukrani. Mtu anayetembea kilomita mbili bila mkongojo hastahili kitanda, na ripoti imetiwa kwenye faili lake kama ushahidi. Lesia alijichukia wiki nzima.

Idara ya barabara haikuupinga uzito. Ilisimika kibao kila upande: MALORI YASUBIRI SAA 10:10, BI WIEBE ANAVUKA.

Siku ya kwanza malori sita ya ngano yalizima injini. Agatha alipita akiona haya.

"Samahanini jamani, nawachelewesha."

Dereva wa mbele, Pete Dueck, alivua kofia. "Pita taratibu, mama. Sisi tumebeba ngano tu."

Akavuka. Boriti ikapinda, ikarudi mahali pake. Kufikia mwezi wa sita zilikuwa tani arobaini na tatu, na idara ikaagiza chuma kinene zaidi.