Chatu wa Shemeji

Shemeji yangu alimnunua chatu kama wengine wanavyonunua viatu vya harusini: ili watu wamtazame. Wageni wakija, alimvaa shingoni, akapigwa picha, akajitapa kwamba nyoka anamsikiliza yeye peke yake. Watu wakambandika jina la Bwana Chatu, na kichwa kikamvimba.

Ushujaa wote huo ulitoka kwenye friji. Kabla wageni hawajafika alikitia humo kikapu alimofungiwa yule mnyama, katikati ya chupa za soda, mpaka akalegea kama kamba iliyolowa. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Ukimpoza hawezi hata kugeuza shingo. Dada yangu, mkewe, alipomleta kwangu, amefungwa ndani ya foronya, chatu alikuwa anahema mdomo wazi na mapovu yakimtoka puani.

Vyumba viwili vya nyuma vya nyumba yangu ni vya kobe waliogongwa na magari, kenge waliokatwa mikia, na kila kiumbe kitambaacho ambacho mwenyewe amekichoka. Chatu nilimweka kwenye sanduku la kioo chini ya taa ya joto, nikamdunga dawa mpaka akapona. Nilimpenda, sioni haya kusema.

Jumapili shemeji akaja, shati limenyooka kwa pasi, funguo za gari zikicheza kidoleni. Dada alimfuata nyuma na begi kubwa. Nilipoliona lile begi, nilijua chatu wangu anaondoka.

"Shemeji, nimemfuata mtoto wangu," alisema. "Kesho nina wageni wazito."

"Ukimpoza tena atakufa."

"Wewe nawe. Nyoka tu huyo. Halafu aliyemnunua ni mimi."

Nilifungua chumba, nikaondoa kifuniko cha sanduku. "Haya, mchukue."

Chatu alikuwa ameota joto asubuhi nzima. Aliinua kichwa, akatoa ulimi. Bwana Chatu akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akarudi kinyumenyume hadi akakanyaga bakuli la maji la kobe. Mwanaume mzima, kiatu kimelowa chapachapa, na kumbe hajawahi kumshika yule nyoka akiwa macho.

"Mpoze kwanza kidogo," aliniambia, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie.

Mkewe alisikia. Alipita katikati yetu, akapitisha mikono yote miwili chini ya tumbo la chatu, akamnyanyua taratibu. Chatu akampanda begani akatulia. Ndipo nilipojua nani alikuwa akimchukua wageni wakishaondoka, na kumpasha joto kwa mwili wake mwenyewe.

"Safi. Mtie kwenye begi twende," shemeji alisema.

"Begi limejaa," dada alijibu. "Ni nguo zangu." Kisha akaniuliza mimi alale chumba gani.

Nilimwonyesha, akaingia na chatu wake, akafunga mlango. Shemeji alibaki akiutazama ule mlango. Nilidhani atabisha, au angalau atamwita mkewe kwa jina. Nilimdhania makubwa.

"Sasa kesho," aliniuliza, "wageni nitawaonyesha nini?"