Nusu ya Kidonge cha Baba

Mama alilazwa kwa homa ya mapafu. Kifua kilipoanza kupona, likazuka jingine. Kila jioni jasho lilimtoka, maneno yakamchanganyikia, na wauguzi wakamkimbilia na dripu kwa sababu sukari ilishuka vibaya. Wala kisukari Mama hana. Mwenye kisukari ni Baba.

Daktari alihofia kuwa uvimbe kwenye kongosho ndio unaoshusha sukari. Akasema kesho ahamishiwe hospitali kubwa, huenda akapasuliwa. Nilienda kulia kwenye ngazi, tena kwa sauti.

Mfamasia wa wodi, dada mfupi mwenye maswali kushinda polisi, alikuwa ameshapitia kila dawa aliyoandikiwa Mama.

"Humu hakuna inayoshusha sukari," alimwambia daktari. "Niache kwanza nikae naye leo wageni wakija."

Daktari akakubali, naye mfamasia akavuta kiti kando ya kitanda. Mchana Baba akaingia. Baba ni fundi cherehani mstaafu, na siku za kumtazama Mama hunyoosha shati utadhani anakwenda kuposa.

"Shikamoo, Baba. Umemletea nini bibi harusi?" mfamasia akamsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Machungwa tu."

"Na ile ya nguvu?" Mama akadakia. "Mbona leo unaificha?"

Baba akatazama dari. Kisha akatoa leso mfukoni, na ndani ya leso nusu kidonge, kimekatwa kwa mkasi, kimenyooka kama pindo.

"Ni dawa yangu ya sukari," akasema. "Mimi ilininyanyua. Nikaona na mwenzangu imnyanyue."

"Ilikuwa inamnyanyua kweli, Baba," mfamasia akasema. "Imebaki kidogo tu imfikishe mbinguni."

Baba akaketi. "Nimetaka kumuua mke wangu?"

"Umetaka kumponya. Machungwa gawaneni mpaka mchoke. Dawa, kila mtu na yake."

Nilitaka kumkumbatia Baba, nilitaka pia kumfokea. Daktari alipoitwa akafuta safari ya hospitali kubwa, akaagiza Mama apimwe sukari usiku kucha. Tulishusha pumzi sote isipokuwa Mama, ambaye alikuwa bado anakitazama kile kidonge.

"Nusu ya pili ilikuwa inakwenda wapi?"

"Naimeza mimi."

"Kwa hiyo siku zote hizi unakunywa nusu?"

Baba akaanza kuikunja leso. Mfamasia akamtoboa kidole, akapima, akaguna. Sukari ya Baba ilikuwa imepanda juu mno. Mama, ambaye asubuhi nilimlisha uji kwa kijiko, akajiinua akakaa wima.

"Kesho uje na kidonge kizima. Utakula hapa, utakimeza hapa, na mimi nakuona."

Kesho yake sukari ya Mama ilikuwa imetulia. Baba akala, akameza, akaachama mbele ya wodi nzima. Mama akamkagua mpaka chini ya ulimi, kisha akamwambia afunge mdomo, watu wanatazama.