Televisheni ya Mama Revo

Mama Revo hakuwa na televisheni, wala hakuwa na nia ya kununua. Lakini siku ile fundi Saidi alipokuja kupima ukuta wa sebule na kuuliza kabati linalotakiwa ni la nini, neno hilo ndilo lililomtoka.

"La televisheni, baba."

"Inchi ngapi?"

"Kubwa kubwa tu."

"Thelathini na mbili?"

"Hiyo hiyo."

Saidi akavuta futi, akapima, akachora mistari ukutani kwa penseli. Alikuwa fundi wa Gongoni, na watu wa Tabora walimsifu kwa kazi za ndani: kabati zisizoonyesha msumari, milango inayofunga bila kelele. Aliyemleta ni Benedikta, jirani wa Mama Revo hapo Isevya. Benedikta naye alikuwa anangoja aione kazi hii kwanza, ndipo ampe Saidi jiko lake zima alipange makabati.

Kweli yenyewe ilikuwa hii. Mwezi wa Rozari ulikuwa umeingia, na sanamu ya Bikira Maria ya jumuiya yao ilikuwa inatembea nyumba kwa nyumba, ikilala hapa leo na kesho jioni kusindikizwa kwa nyimbo hadi kwa mwingine. Mwaka uliopita, zamu ya Mama Revo ilipofika, aliiweka juu ya stuli iliyofunikwa khanga, na mguu mmoja wa stuli ukacheza Rozari nzima. Hakulisahau lile. Marehemu mumewe, Leodgar, alimwachia mbao za mninga alizozitoa Usinge. Akaamua Mama wa Mungu apate mahali pa heshima.

Ila Saidi ni Mwislamu. Wifi ya Mama Revo alishamtia maneno: "Mwambie ni la kuwekea sanamu, uone. Atakataa, au atalipua kazi makusudi." Mama Revo hakuwahi kutendewa ubaya na Mwislamu hata mmoja tangu azaliwe. Akaamini hivyo hivyo.

Basi akawa anamchunga. Kila siku alivuta kiti karibu na mlango, rozari mkononi, macho kwenye mikono ya fundi. Mikono haikuwa na neno. Saidi alisema Bismillahi, akapiga randa, na mninga ukatoa wekundu wake na harufu yake. Alichonga ncha ya ubao huu iingie kwenye tundu la ule, akatia gundi, akagonga taratibu kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni alale. Chai alikunywa, na mihogo akaisifu.

Siku alipopandisha ubao wa juu, Mama Revo aliona. Ulikuwa chini mno. Sanamu na taji lake haisimami pale.

"Baba, huo wa juu hauwezi kupanda kidogo?"

"Ukipanda, mama, televisheni itaonekana imetumbukia shimoni. Hapa ndipo penyewe."

Mama Revo akajifariji kwamba pengine sanamu ni fupi kuliko anavyoikumbuka. Hata alipomwona Saidi anatoboa tundu la kupitishia waya, akalisugua kwa msasa mpaka likalainika kama pete, alisema tu, "Ahsante, baba."

Siku ya sanamu alitaka fundi aondoke mapema. Lakini Saidi hakuwa mtu wa kuachia kazi njiani. Alikuwa bado amepiga magoti akibandika mkanda wa mbao chini ya kabati wakati nyimbo zilipoanza kusikika barabarani. Wakaingia, wanawake wengi na wazee wachache. Yustina, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa mbele amekumbatia sanamu. Saidi akainuka, akasogea pembeni kuwapisha.

Yustina akainyanyua sanamu aiweke kabatini. Taji likagonga ubao, ko! Akaiinamisha, akajaribu kuipitisha kiubavu.

"Kheh! Mama Revo, ndiyo nini hii? Unataka Bikira Maria alale?"

"Au achuchumae," mmoja akadakia, wakacheka.

Benedikta hakucheka. "Kwani fundi hakupima?"

Macho yote yakamgeukia mwenye nyumba.

"Fundi amekosea," akasema.

Saidi alimtazama mara moja tu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Niutoe ubao, mama?"

"Utoe."

Gundi ilishashika, ubao hautoki. Akachukua msumeno akaukata, kazi ya mikono yake mwenyewe, huku chumba kizima kinamwangalia. Unga mwekundu ukamwagika mkekani.

"Mimi jiko langu nitatafuta mwingine," Benedikta alimwambia Yustina, na hakunong'ona vya kutosha. Msumeno ulisita. Halafu ukaendelea.

Sanamu ikasimama. Saidi akakusanya vyombo vyake, akasema kwaherini, akatoka.

"Haya mwenye nyumba, tuanzishie," Yustina akasema.

Mama Revo akanyanyua mkono. "Kwa jina la Baba..." Mkono ukabaki kwenye paji la uso. Watu wakangoja. Alijua akiushusha mkono ule hadi kifuani, na mabegani, na kuendelea na Nasadiki, basi atakuwa amefunga uongo wake kwa ishara ya msalaba.

"Fundi hakukosea," akasema. "Nilimwambia ni kabati la televisheni."

"Televisheni gani? Wewe una televisheni?"

"Sina."

"Sasa?"

"Niliogopa nikimwambia ni la sanamu ataliharibu. Kwa kuwa ni Mwislamu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Benedikta alishika mdomo. "Na mimi nimesema yale anasikia! Mfuate, Mama Revo. Sisi tunangoja. Mwambie jiko ni lake."

Alimkuta nje anafunga sanduku la vyombo kwenye keria ya baiskeli kwa mpira. Maneno aliyoyapanga mlangoni yote yalimkimbia.

"Mwanangu, nimekusingizia mbele za watu."

Saidi akakaza mpira. "Ubao ule nilijua una jambo. Ulivyouangalia siku ile."

"Nilidhani utakataa."

"Ningekataa, mama, ningekwambia kwa mdomo. Mimi sikatai kwa mbao."

Mama Revo akatazama chini. Alitamani amkaripie, hata amtukane, pengine ingekuwa nafuu. "Nimeshawaambia ukweli. Na Benedikta anasema jiko ni lako."

"Nitaongea naye mwenyewe."

"Nisamehe, baba."

Saidi akaiondoa baiskeli ukutani. "Rudi ndani, mama. Umeacha watu wamesimama. Nendeni mkasali." Akaikokota mpaka barabarani, ndipo akapanda.

Ndani walikuwa wamesimama kweli. Yustina akamsogelea. "Amesemaje?"

"Amesema tusali," Mama Revo akajibu, akapiga magoti juu ya unga wa mninga.