Maana ya Kufunga

Silvano, mkalimani wa mahakama ya Lushoto, alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuwa mchoyo nayo. Ukimnunulia kikombe cha chai katika mgahawa wa Darweshi pale Soni, siku ya gulio, alikumwagia yote bure. Muziki kwake ulikuwa ule wa santuri, wenye gitaa na tarumbeta, unaochezwa na watu waliovaa viatu. Nyimbo za wanawake wa gulioni aliziita kelele za kufukuzia ndege. Siasa, alisema, ni za watu wasio na kazi. Kadi za TANU zilikuwa zimeanza kupanda mlimani, zimefichwa kwenye vikapu chini ya kabichi, na Silvano alipenda kusema kwa sauti, ili wakubwa wasikie, kwamba Serikali haitishwi na kipande cha karatasi. Lakini maoni yake makali kuliko yote aliyawekea mpira, maana yeye mwenyewe alikuwa golikipa wa timu ya Boma, ya makarani wa Serikali.

Usimcheke haraka. Alikuwa golikipa kweli. Msimu mzima uliotangulia alifungwa mara tatu tu. Alizaliwa Bungu, akasomeshwa na mapadri, akajua Kiingereza cha kuandikia hukumu za watu, lakini ukimuuliza rohoni mwake anapenda nini, angekwambia ni kusimama kati ya milingoti miwili huku watu wanamtazama.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, timu ya Soni ilipanda kuja kucheza na Boma. Walikuwa madereva, wapagazi na wauza viazi, nusu yao pekupeku. Wanawake wa Soni walikuja nao, wakajipanga upande wa pili wa uwanja. Upande wa huku, kwenye mabenchi, walikaa wake wa makarani, na Paskalina, mkewe Silvano, alikuwa mbele kabisa na gauni jipya.

Goli la kwanza la Soni lilikuwa haki yao, hakuna golikipa ambaye angelizuia. La pili ndilo lililomuua Silvano. Issa, utingo wa lori la viazi, alipiga mpira mnyonge, unaobingirika polepole kama unaomba njia. Silvano akainama kuuokota kwa mkono mmoja, kwa madaha, jicho liko kwenye mabenchi. Mpira ukampita katikati ya miguu. Uwanja mzima ulicheka. Hata refa alicheka, akasahau kupuliza filimbi.

Mwanahawa hakuhitaji muda. Alikuwa muuza karoti pale Soni, mwanamke mfupi wa makamo, na ndiye aliyekuwa akiwatungia wanawake wenzake nyimbo za harusi, za jando na za kumkejeli mtu yeyote aliyejipendekeza. Kabla mpira haujarudishwa katikati alikuwa ameshaanza, na wenzake wakaitikia:

*Mtu wa Boma tumemfunga,*
*tumemfunga na mkewe yuko,*
*Jumamosi tutamfunga tena.*

Walishuka na wimbo huo njia nzima mpaka Soni. Jumatatu ulikuwa kila mahali. Wanawake waliuimba mtoni, wapagazi waliuimba wakipakia malori, na Silvano alimsikia tarishi wa mahakama akiupigia mluzi ukumbini, kisha akanyamaza ghafla alipomwona. Silvano akaacha kwenda kwa Darweshi. Kwa Issa hakuwa na kinyongo. Mchezaji kazi yake kufunga. Aliyemchukia ni Mwanahawa, na alimchukia hasa, chuki ya kukosa hamu ya kula. Goli lilidumu dakika moja. Huyu mwanamke alilifanya lidumu.

Sasa, mwaka ule ndio uliokuwa wa matuta. Serikali iliamuru kila mwenye shamba la mteremko akate matuta ili mvua isibebe udongo, na asiyekata alitozwa faini au alipelekwa jela. Waliochimba walikuwa wanawake, na waliochoka walikuwa wao. Alhamisi ya wiki ile ile, katika kijiji kimoja juu ya Soni, wanawake walimzunguka Timotheo, msimamizi wa matuta, aliyekuja na daftari kuandika majina ya wakosaji. Wakamnyang'anya daftari. Wakamfunga kwa kamba za migomba, mikono na miguu, wakamwacha shambani mvua ikimnyeshea mpaka magharibi. Na walipokuwa wakimfunga, waliimba. Waliimba wimbo uliokuwa mdomoni mwa kila mtu wiki ile, na maneno yake yaliwafaa kana kwamba yalitungwa kwa kazi hiyo.

Polisi walipofika, hakuna mtu kijijini aliyeona kitu. Timotheo mwenyewe, kwa aibu au kwa hofu, alisema hakumtambua yeyote. Alichokumbuka ni wimbo. Basi, wakasema polisi, wimbo una mwenyewe. Ijumaa wakamkamata Mwanahawa nyuma ya mafungu yake ya karoti, mahali alipokuwa ameketi pia siku ya Alhamisi kutwa nzima. Mchezo wa marudio ukapigwa marufuku, na Issa, kwa kuogopa kwamba mfungaji naye atatafutwa, akateremkia Mombo na lori la kwanza.

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Hakimu alikuwa kijana wa Kiingereza aliyepandishwa kutoka Tanga kwa ajili ya kesi hiyo na nyingine mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kisafi na kifupi. Mpira wa Lushoto hakuujua, na inspekta aliyeshtaki, mtu wa pwani mwenye haraka zake, hakuona sababu ya kumweleza. Nyuma walijaa watu wa Soni. Mbele yao aliketi Hamida, mama yake Mwanahawa, mikono mapajani.

Silvano akaapa kama alivyoapa kila siku, kwamba atatafsiri kwa uaminifu. Mashtaka yakasomwa: kuwachochea watu wavunje sheria na kumdhuru mtumishi wa Serikali. Maneno ya wimbo yalikuwa yamechapwa kwa mashine kwenye karatasi, na yalionekana mabaya kweli yakiwa kwenye karatasi.

"Ule ni wimbo wa mchezo tu, bwana," Mwanahawa akasema.

Mchezo. Silvano alijua, kama kila mwenyeji pale ndani, mchezo uliosemwa ni upi. Lakini mchezo pia ni utani, na hakuna kamusi ambayo ingemkanusha. Akamgeukia hakimu akamwambia kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa anasema ulikuwa mzaha tu.

Hakimu akaacha kuandika. "Mzaha," akarudia kwa Kiingereza. "Mtu anafungwa kamba kwenye mvua, na ni mzaha."

Tuseme ukweli: Silvano alisikia utamu. Ulimpanda kifuani kama chai ya tangawizi. Kwa siku kumi watu walikuwa wamemcheka, na sasa palikuwa na mtu mmoja, tena mkubwa, ambaye hakucheka hata kidogo.

Lakini hakimu hakuwa mtu mbaya, na alitaka kutenda haki. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hili neno, kufunga. Nalijua kwa maana ya kamba. Lina maana nyingine?"

"Ndiyo, bwana," Silvano akasema. "Kufunga mlango. Kufunga mzigo. Kumfunga mtu gerezani. Na Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani."

Akanyamaza hapo. Alitaja maana zote alizozikumbuka isipokuwa moja, ile aliyokuwa akilala nayo na kuamka nayo. Alijiambia kwamba kiapo chake ni cha kutafsiri, si cha kutoa ushahidi. Kwamba mshtakiwa mwenye shahidi amlete. Kwamba mkalimani akianza kueleza mambo ya uwanjani, ataishia kusimama mbele ya inspekta na matarishi na kusema kwamba mtu wa Boma aliyefungwa ni yeye, aliyepitwa na mpira wa mtoto. Na mtu anayemtetea mtunga nyimbo za matuta ataulizwa kadi yake ya TANU ameificha wapi. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa na ukweli ndani yake. Ya kwanza ilikuwa aibu.

Hakimu akamtazama Mwanahawa, akauliza mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Huyu mtu wa Boma ni nani?"

Mwanahawa akafungua mdomo, kisha akaufumba. Akamtazama Silvano. Akaacha Kiswahili, akasema naye kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kama anavyosema mtu na mtoto wa jirani.

"Silvano, nikikutaja mbele ya hawa wageni watakucheka, na wewe ni mtu mwenye kazi yako. Sitaki kukutaja. Mwambie mwenyewe kwa Kiingereza kwamba ni wewe, na kwamba ni mpira, yaishe."

Nyuma, watu wa Soni walisikia kila neno. Hamida akaitikia kwa kichwa.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Silvano alikuwa amepewa njia, tena njia ya heshima, na aliyempa ni yule yule aliyemtukana uwanjani. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba amhurumie.

"Anasema hataki kumtaja, bwana."

Na ni kweli alisema hivyo. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kwenye benchi la mwisho mwanamke mmoja akasimama, akanyoosha mkono, na tarishi akamwonyesha akae. Silvano alipoinua macho aliona ni Paskalina. Hakujua kwamba alikuja. Kabla hajamwoa, Paskalina alilea watoto wa mlowezi kwa miaka minne, akala Kiingereza pamoja na uji wao, na nyumbani hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo isipokuwa mumewe, ambaye hakupenda kusahihishwa.

Mwanahawa alipewa miezi sita na kazi ngumu, katika gereza la Tanga. Silvano akamtafsiria, na tafsiri hiyo haikuwa na kasoro. Mwanahawa alishika kidogo ubao wa kizimba. Kisha, askari walipokuwa wakimtoa, akamwambia Silvano kwa Kishambaa, "Ahsante. Umejaribu."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya Boma. Lori la polisi liliondoka mapema ili kuwahi treni ya Mombo, na hakimu alikwenda kula kwa mkuu wa wilaya. Silvano alikaa ndani akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Alipotoka, wanawake wa Soni walikuwa wakimngoja kwenye ngazi, kama kumi na tano hivi, na hakuna aliyekuwa na sura ya ugomvi.

"Shikamoo, mama," akamwambia Hamida.

"Marahaba, baba." Hamida alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie. Umejitaja mbele ya Mzungu, mtu mwenye cheo kama wewe. Kama hakukuamini, kosa si lako. Na ule wimbo tumekubaliana, hatutauimba tena."

Wengine wakaitikia. Mmoja alimletea kifurushi cha ndizi mbivu, akakiweka ngazini karibu na viatu vyake. Silvano aliwatazama, na polepole akaelewa wanachokifikiri. Walisikia alichoambiwa kwa Kishambaa. Kisha wakamwona amemgeukia hakimu akasema Kiingereza. Wangejuaje? Alihitaji kunyamaza tu, na angeshuka ngazi hizo akiwa mwungwana kuliko siku zote alizopata kuishi.

Paskalina alikuja akasimama pembeni yake.

"Waambie ulichosema," akamwambia.

Silvano akazitazama ndizi karibu na viatu vyake.

"Waambie, Silvano, au nitawatafsiria mimi."

Akaitazama barabara. Kusema sasa ni kukiri kwamba amekula kiapo akakitapika, na kosa hilo nalo lina jela yake, pengine ndefu kuliko ya Mwanahawa. Mkono wake ulikuwa bado katika mikono ya Hamida, na mikono hiyo ilikuwa migumu kwa jembe na yenye joto. Alitaka Paskalina anyamaze. Alitaka pia, mahali fulani ndani yake, aseme haraka yaishe.

Paskalina akatafsiri. Alisema kwa Kishambaa, bila kupandisha sauti, neno kwa neno: kwamba mchezo ulikuwa mzaha, kwamba kufunga ni mlango na mzigo na jela na Ramadhani, kwamba mshtakiwa hataki kumtaja. Hakuongeza la kwake. Ilipokwisha, Silvano alisikia mtu akishusha pumzi.

Hamida aliachia mkono wake. Hakuutupa, aliuweka chini taratibu mahali pake.

"Kwa ajili ya goli?" akauliza.

"Si goli, mama," Silvano akasema. "Mlinicheka."

"Tulikucheka," Hamida akakubali. "Tungekucheka mpaka wakati wa kuvuna, kisha tungesahau."

Akakaza kanga kiunoni akaanza kushuka, na wenzake wakamfuata kwa barabara ya Soni. Mwanahawa alikuwa ameacha watoto watatu pale chini, na mboga ambazo hazikuuzwa tangu Ijumaa. Paskalina aliokota ndizi kutoka ngazini, akaenda nao. Hakumwomba mumewe ruhusa, wala hakumwambia atarudi lini.