Betri Kando ya Mafiga

Julai, huku kijijini Kate, baridi huingia hadi chini ya blanketi. Ndiyo maana Angela, ambaye hata kutambaa bado, alilazwa jikoni kwa bibi yake, kwenye mkeka karibu na mafiga.

Mama yake, Rosina, alirudi na ndoo ya maji akakuta taa ya sola imefunguliwa. Betri yake bapa ilikuwa juu ya figa, imevimba kama andazi.

Mama mkwe wake, Cornelia, alikuwa akipepeta ulezi. Alieleza bila kuinua macho kwamba taa ilikuwa haishiki chaji, basi ameiamsha betri, kama marehemu mumewe alivyokuwa akiziamsha betri za redio. Zikipashwa moto, redio iliimba tena mpaka Misa iishe.

Rosina alijua cha kufanya, ila hakujua namna ya kukisema. Mkamwana hamwambii mama mkwe amekosea, tena jikoni kwake. Lakini mwalimu wa darasa lake la jioni alikuwa amewachorea ubaoni: betri ya lithiamu ikizeeka, au ikichajiwa kwenye baridi kali, ndani yake huota miiba midogo ya madini. Mwiba ukitoboa utando wa katikati, betri huwaka yenyewe. Ukiipasha moto, unaiharakisha.

Alimbeba Angela kwanza, akampeleka uani. Akarudi na koleo na karai la mchanga.

"Mama, nisamehe, naitoa."

"Hayo masomo ya jioni yamekufundisha kuogopa betri, mama Angela? Redio haijawahi kutuuma."

"Hii si ya redio, mama."

Alikuwa ameshaitia betri mchangani na kulitua karai kando ya shimo la taka ilipofoka. Moshi mweupe, kisha moto. Cornelia alisimama mlangoni na ungo wake. Aliutazama ule moto, akageuka akautazama mkeka.

Hakuomba radhi. Aliuliza kwa nini imewaka, na Rosina alipomweleza habari za miiba, aliuliza kama kuna watu wanaoitafutia dawa. Rosina alimwambia wapo, wanatafuta utando usiotobolewa. Angela akikua huenda akasoma kwa taa ambayo hakuna wa kuiogopa.

Taa mpya ilipofika kutoka Sumbawanga mjini, Cornelia aliuliza italala wapi. Mbali na moto, Rosina alijibu, na asubuhi isichajiwe mpaka jua liupashe ua joto.

Cornelia aliingia sebuleni. Aliishusha redio ya marehemu kwenye msumari wake, akaipangusa vumbi, akatundika taa.