Taa ya Breki Ilipozimika

Sensa ile ya gurudumu, kidude kinachopima mzunguko wake, nusura initoe roho. Kutu ilikuwa imeigandisha kwenye chuma. Nikiibembeleza haitoki, nikiitukana haitoki. Sikio la kufa! Bolti ilifunguka kiungwana, lakini sensa yenyewe ikakatikia ndani, nikabaki chini ya gari nachokonoa vipande kwa bisibisi, mgongo unaniwaka moto.

"Bado tu?" akauliza baba, kasimama na ufunguo mkononi.

"Baba, ukinihimiza naiacha hivi hivi!"

Kisa chenyewe: baba, dereva wa malori maisha yake yote, aliugonga ukuta wa jirani. Akaapa kwamba breki zimemsaliti. Na kweli taa ya ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Sensa ikifa, breki hazijui tena gurudumu linazunguka vipi, na kwenye utelezi gari linaserereka. Kaka yangu mkubwa akatoa hukumu: gari litengenezwe, na mzee akishindwa kulisimamisha likiwa zima, ananyang'anywa ufunguo. Basi mimi, fundi wa ukoo, nikawa naomba ugonjwa uwe wa gari.

Nikasugua tundu likang'aa, nikachomeka sensa mpya, nikapitisha waya usiguse tairi, nikaunganisha soketi. Tulipoliendesha kidogo taa ikazimika.

"Si niliwaambia!" Baba akaupiga usukani kwa furaha. Nilitaka kulia, kwa furaha au kwa uchovu, sijui.

Tukaenda kulijaribu kwenye uwanja mtupu, uliolowa mvua. Nikaweka boksi katikati, nikapanda garini pembeni ya baba.

"Kanyaga ushikilie, baba. Usipampu, kukanyaga na kuachia; hili si lori."

"Ati unanifundisha kazi?"

Akapampu. Tukalipita boksi, nusura tulikwaruze. Mazoea yana taabu, nikajiambia, hilo linafundishika. Nikashuka, nikalisogeza boksi liwe mbele yetu kabisa, nikamwambia arudie. Safari hii mguu wake haukugusa breki kabisa. Boksi likapondeka chini yetu.

"Baba! Boksi!"

"Boksi gani?"

Macho yake yakautafuta uwanja.

"Gari ni zima, baba," nikasema. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama wakati ule.

Akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango ili tubadilishane viti. Mkanda ukamshinda kufunga, nikamfungia.

"Mama yako atanionea huruma," akasema tukiwa njiani. "Kaka yako atanisema kama mtoto. Kheri mngenizika."

"Usiseme hivyo, baba."

Jamani, nilikuwa nimechoka, hata hasira zilikuwa zimeniisha. Tulipofika nyumbani, kabla mtu hajatoka ndani ya nyumba, nikashuka, nikapenyeza mkono nyuma ya gurudumu nikachomoa soketi ya sensa niliyoipigania kutwa nzima. Nikawasha gari. Taa ikarudi. Baba aliiona, akaniangalia, kisha akageuzia uso dirishani.

Kaka akatoka, akachungulia dashibodi. "Loo! Fundi mzima wewe! Imekushinda?"

"Imenishinda," nikasema. "Hazitengenezeki breki hizi. Gari hili lisiendeshwe tena na mtu."

Nikatia ufunguo mfukoni mwangu.