Namba Arobaini na Nane za Wartinah

Laptopu ya marehemu Wartinah iliwaka, ikatoa kioo cha buluu, ikadai namba arobaini na nane. Ngadiran aliikodolea macho kutoka upande wa pili wa meza ya fundi, mikono ikimnuka soya, kama mtu anayemtazama karani aliyemwambia rudi kesho.

"Mbak Endah, dada yangu, hii ni ya mke wangu," alisema. "Miaka yote ilikuwa inamfungukia. Leo inanihoji mimi kama mwizi?"

"Hata angekuja gavana, Pak, mzee wangu, ingemhoji." Endah alichomoa bisibisi nyuma ya ushungi wake. Watu wa soko la Tulungagung, kisiwani Java, walisema mwanamke huyo amefufua hata mashine zilizotolewa kwenye mafuriko. "Diski imefungwa. Kila kilichomo kimevurugwa makusudi, hakisomeki mpaka uingize ufunguo, yaani hizo namba. Nani aliifunga?"

"Nani tena? Wakubwa."

Wala hakuwa anatania. Wartinah alikuwa akipokea wagonjwa kwenye zahanati ya kata. Zahanati haikumpa kompyuta. Aliambiwa alete yake, akaleta hii, waliyoinunua yeye na Ngadiran kwa kuuza tempe, soya iliyochachishwa, kipande kwa kipande. Kisha ukaja waraka: mashine zote zifungwe, siri za wagonjwa zisiibiwe. Wale wale ambao hawakutoa hata waya ndio waliokuja kufunga. Wartinah alitia sahihi, maana asiyetia sahihi huulizwa anaficha nini.

Sasa siku ya elfu tangu azikwe ilikuwa inabisha hodi. Siku hiyo husomwa khitma kubwa, na kila mgeni huondoka na kitabu kidogo cha Yasini chenye picha ya marehemu ukurasa wa mbele. Mchapaji alitaka picha kabla ya Alhamisi. Na picha ilikuwa humo ndani: Wartinah na blauzi yake ya kijani ya kebaya, barazani mwa zahanati, anacheka mdomo wazi. Alijipiga mwenyewe. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewapiga picha wenzake. Kwenye picha za majirani alikuwa bega tu, au mkono. Picha ya harusi ililiwa na mchwa. Simu yake ilipojaa alihamishia kila kitu kwenye laptopu, akafuta. Kitambulisho chake serikali ilikichukua siku ilipotoa cheti cha kifo. Ngadiran alikiomba, wakakitoboa mbele ya macho yake. Mtoto wa kusema labda anayo, hawakujaaliwa.

Endah alipekua mipangilio ya mashine, akazima, akawasha, akatikisa kichwa.

"Betri ndogo ya saa ilikufa, kwa sababu ya kukaa kabatini. Hilo peke yake si balaa. Lakini humu kuna chipu inayoshika ufunguo. Mashine ikiwaka, chipu inautoa kimya kimya, mwenyewe hata hajui kama ana kufuli. Sasa chipu haina kitu. Imefutwa." Akamtazama. "Ulipoiwasha nyumbani, ilikuandikia chochote?"

"Iliandika. Kizungu, kirefu, maandishi meupe. Mwisho kulikuwa na Y na N."

"Ukabonyeza ipi?"

"Y."

Kwao ndiyo ni "ya", na Y ndiyo herufi yake ya kwanza.

"Nimeulizwa, nikaitikia," Ngadiran alisema, sauti ikipanda ingawa hakuna aliyemgombeza. "Mimi nimeishia darasa la nne, lakini hilo nilifundishwa vizuri. Mwalimu akiuliza, ya. Diwani akiuliza, ya. Umemwona nani aliyesema hapana akapewa saruji ya msaada?"

Endah alivua miwani, akaifuta. "Ilikuuliza kama isafishe chipu, Pak. Na ikaonya: kama diski imefungwa na huna ufunguo, usikubali. Ungebonyeza N, pengine ingewaka."

Ngadiran alikitazama kidole kilichobonyeza. Kidole chake mwenyewe. Akakikunja ndani ya ngumi.

"Na lugha ya watu waliikosa?"

"Waliotengeneza hawakai Tulungagung," Endah alisema. "Sikiliza. Ofisi ya kata ilipoifunga mashine, lazima iliweka zile namba mahali. Nenda kwao. Wakikupa, dakika moja tu nitakuwa nimeifungua."

Msimamizi wa kompyuta wa kata, mwenye ofisi pale pale zahanati, aliitwa Baskoro, kijana wa mtaa wao, nyumba tatu kutoka kwa Ngadiran, ambaye alimwita Pakde, baba mkubwa. Alimvutia kiti, akaagiza chai, akaanza kubofya.

"Jina la kwanza Wartinah. La pili, Pakde?"

"La pili la nini? Baba yake alimpa moja, likamtosha mpaka kaburini."

"Hata mama yangu analo moja, najua. Mfumo ndio hautaki. Ukiacha nafasi ya pili tupu unagoma. Basi tuliwaandika mara mbili mbili. Wartinah Wartinah." Alibofya. Akabofya tena. Akasogeza uso karibu na kioo, masikio yakaanza kumwiva. "Ah."

"Ah nini, Bas?"

"Ulikuja waraka kutoka wilayani. Mfumo umejaa, majina yaliyojirudia yafutwe. Waliofuta walikuwa huko huko, hawatujui. Walitafuta tu palipojirudia."

"Mkamfuta mke wangu kwa kuwa kajirudia."

"Akaunti, Pakde, si yeye. Yeye alikuwa hai, yuko kazini. Tulimfungulia nyingine siku ile ile. Ila ufunguo... ulikuwa kwenye ile ya kwanza."

"Karatasi je? Hata kipande hamkuandika?"

"Karatasi tulikatazwa. Usalama."

"Kwa hiyo mke wangu amekuja hapa kila asubuhi, anawasalimu, amebeba kufuli ambalo ufunguo wake mmeutupa. Na mnajua."

Baskoro alikoroga chai iliyokwisha korogwa zamani. "Hatukujua, mpaka sasa hivi."

"Wako wangapi wenye jina moja tu kama yeye?"

"Kumi na mmoja."

"Na betri zao zikifa?"

"Tutatoa tangazo."

"Toeni," alisema Ngadiran, akainuka bila kugusa chai. "Mliandike Kizungu."

Aliporudi kwa fundi, Endah hakumdanganya. Alimwambia namba zile hazikisiwi. Kompyuta zote za Java zikianza kukisia leo, wao wawili watakuwa udongo na bado hazijafika popote. Kilichobaki ni kufuta diski yote na kuanza upya.

"Utapata mashine nzuri kabisa, Pak."

"Ya kufanyia nini? Kuloweka soya?" Akaikumbatia kifuani, akaondoka nayo. Endah hakutaka malipo, na hilo nalo lilimuudhi.

Mchapaji alimuuliza kama aweke ua badala ya picha, au msikiti. Wengi hupenda msikiti. Ngadiran alimwambia achore kisanduku, akiache kitupu, na chini yake aandike Wartinah. Mara moja tu, si mbili.

Khitma ilifanyika baada ya magharibi. Wageni walijaa mkekani, wakafungua vitabu, minong'ono ikapita. "Wamesahau picha?" aliuliza mwanamke mmoja, mwenzake akamfinya. Baskoro alikaa karibu na mlango, kavaa batiki mpya. Alipofika kwenye ukurasa ule aliufunua upesi, kama aliyeshika kikaango cha moto, akasoma kwa sauti nzuri, kubwa kuliko wote. Ngadiran hakusikia aya hata moja. Alikuwa akimtazama, na kila alipotaka kumchukia kwa raha zake, kidole chake kilichobonyeza Y kilimwasha.

Chakula kilipogawiwa Baskoro alipokea kikapu chake, akampa mkono, akasema pole, akatoka. Kitabu kilibaki mkekani, kimefunikwa kifudifudi.

Ngadiran alikiokota, akatoka peku, akamkuta getini.

"Bas. Umesahau."

"Ah, Pakde, nilidhani wengine hawajapata..."

"Vipo vya kutosha. Kila mgeni ana chake." Akakisukuma ndani ya kikapu, chini ya wali, mpaka kikagusa kitako. Kisha akabaki getini, akamsindikiza kwa macho nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka alipomwona ameingia nacho ndani na kufunga mlango.